Pilipili mbuzi ya ndani inatoa maua yote yanadondoka, tatizo nini?

mgosi_wa_leeds

Wakuu habari zenu. Mimi niko Leeds Uingereza, gorofa ya tatu, sina bustani wala kibaraza, nina dirisha tu. Mwezi wa pili nilinunua pilipili kwenye duka la Wajamaika, ile wanaita Scotch Bonnet, ukiipasua harufu ni ileile ya pilipili mbuzi ya nyumbani, nikala na samaki mbegu nikazianika kwenye tishu halafu nikapanda. Zikakaa wiki tatu kimya nikajua zimeoza, siku nataka kumwaga udongo ndo naona kijani. Ukabaki mche mmoja.

Kipindi cha joto mche ulinenepa balaa, majani mapana kama umepandwa kwenye zizi, ila ua hata moja hakuna. Maua yamekuja mwishoni mwa mwezi wa tisa, sasaivi tupo wa kumi na moja na nimehesabu yameshadondoka thelathini na kitu. Yani ua linafunguka leo, kesho kutwa kikonyo kinageuka njano pale kinapoungana na tawi, ukigusa tu hilo chini. Kila asubuhi naokota maua juu ya redieta kama naokota karafuu.

Ndani joto 22, maji nampa kila siku asubuhi, mbolea ile ya maji ya mimea ya ndani mara moja kwa wiki. Nimesikia eti kwa vile ndani hakuna nyuki haiwezi kuzaa, ni kweli? Wife ameshaanza kunicheka anasema nimefuga ua la urembo.

bibi_wa_vyungu

Mwanangu nyuki sio lazima. Ua la pilipili lina dume na jike humohumo ndani, linajichavusha lenyewe, huku nje kazi hiyo inafanywa na upepo tu na wadudu wakipita wanasaidia. Wewe ndani huna upepo kwahiyo inabidi uwe upepo wewe. Mimi niko Dar nina vyungu sita kwenye veranda iliyozibwa vioo, kila asubuhi nikishakunywa chai napita nayapiga maua kwa kidole, tap tap, kama unamwamsha mtoto.

Ukitaka kuona kazi inavyofanyika chukua brashi ndogo laini, nyeusi ndo nzuri. Ngoja kama saa nne asubuhi hivi. Angalia katikati ya ua utaona vijifuko vimezunguka kama zambarau hivi au bluu ya kijivu. Vikiwa vimefumba ua bado, liache. Vikipasuka vinatoa unga mweupe kama poda, hapo pitisha brashi polepole halafu gusa ile ncha ya katikati inayochomoza. Brashi nyeusi ikibeba unga utauona. Ukipitisha brashi ikatoka tupu siku tatu mfululizo basi hiyo chavua haipo, na brashi haitakusaidia kitu.

mkulima_wa_kasarani

Poa sana hiyo ya brashi, lakini mimi naona shida ni baridi. Niko Nairobi na nimepanda pilipili kwa mitungi pale balcony, mwezi wa saba usiku kukiwa na ile baridi yetu ya Julai maua huanguka yote na hapo nje nyuki wapo tele. Ikifika mwezi wa tisa kukipata joto zinashika zenyewe bila mtu kuzigusa. Huko Leeds usiku joto ni ngapi pale mmea uko, si hapo sebuleni umekaa, pale pale kwa dirisha?

mgosi_wa_leeds

@mkulima_wa_kasarani swali zuri, sijawahi kupima dirishani. Usiku tunazima hita kuanzia saa nne bili isituue. Leo naweka kipimajoto.

@bibi_wa_vyungu shikamoo bibi, nimeiba brashi ya makeup ya wife, nimepitisha, imetoka tupu.

fundi_udongo

Mgosi nilipita hukohuko. Niko Minneapolis, huu ni msimu wangu wa nne kufuga pilipili ndani, wa kwanza sikupata hata moja na nilikuwa nachezea brashi kila siku kama mchoraji. Acha nikwambie ukweli, brashi ni kitu cha mwisho. Mmea ukiona hauna nguvu ya kulea tunda unatupa ua, na ile kikonyo kugeuka njano ndo mmea umeamua. Kwa hiyo swali ni kwanini umeamua hivyo.

Kwanza mwanga. Huko kwenu mwezi wa kumi na mbili mchana una urefu wa kama masaa saba na nusu tu na lenyewe ni wingu tupu. Pilipili mbuzi ni mtoto wa jua, unamwambia azae gizani? Macho yako yanakudanganya, kwako sebule ina mwanga, kwa mmea ni saa moja jioni muda wote. Nunua taa ya LED ya kukuzia mimea, sio lazima ile ya gharama, iweke juu ya mmea kama sentimita 30, weka na taima, iwake saa 12 asubuhi izime saa 2 usiku. Usiiache ikawaka usiku kucha, mmea nao unalala. Kama huna hela ya taa achana na maua mpaka mwezi wa tatu, yakate tu mmea upumzike, mwakani atazaa maana pilipili sio mahindi kwamba ikivuka msimu inakufa, inaishi miaka kadhaa ukiikinga na baridi.

Pili mbolea. Hizo za mimea ya ndani nyingi zimejaa naitrojeni kwa ajili ya majani, ndo maana umepata mchicha. Ikianza kutoa maua hamia mbolea ya maji ya nyanya, ile yenye potasiamu nyingi, na uiweke nusu ya kipimo walichoandika. Halafu maji kila siku ni mengi mno. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, kukiwa kukavu ndo umwagie mpaka maji yatoke chini, na yale ya kwenye sahani yamwage. Mimi nasubiri majani yalegee kidogo tu jioni ndo nampa.

Chungu chako lita ngapi?

mgosi_wa_leeds

Aibu hii. Ni kindoo cha mtindi, lita 3 hivi, nimekitoboa chini.

Na kipimajoto kimenipa jibu ambalo sikulitegemea. Sebuleni usiku 17, dirishani 9!! Kumbe kila usiku navuta pazia, mche unabaki upande wa kioo, pazia limeufungia nje na baridi halafu asubuhi redieta chini yake inaupuliza hewa ya jangwani. Yani nimeutesa mchana na usiku miezi miwili.

mkulima_wa_kasarani

Hahaha nilijua. Pole buda. Toa hiyo kitu dirishani leo.

bibi_wa_vyungu

Na isizidi kuwa joto pia. Huku kwetu mwezi wa pili jua likifika 33 na usiku haipoi nayo maua yanadondoka hivyohivyo, mpaka mvua za masika zianze. Pilipili inataka kama sisi wazee, kusiwe na baridi kusiwe na hari.

Hicho kindoo umpe mtoto achezee. Hamishia chungu cha lita 10, lakini sio leo. Ukiuhamisha sasa na umetoka kuteseka utadondosha na majani. Subiri wiki mbili. Ukiitoa ukakuta mizizi imejisokota kama uzi, ifungue chini kwa vidole taratibu.

shombe_la_mji

Samahani natoka nje ya mada, nyie mnaosema pilipili mbuzi mnamaanisha hoho kali au ipi? Kwetu Unguja ile kubwa isiyowasha ni pilipili boga.

bibi_wa_vyungu

@shombe_la_mji ni ile ya duara imekunjamana kama kofia, rangi njano au nyekundu, inanukia kabla hujaila. Sio kichaa ile nyembamba ndogo. Na hoho tukianza kuibishania hapa hatutoki leo, bara hoho haiwashi kabisa na wazee wetu wa pwani hoho ndo ilikuwa kali yenyewe.

mgosi_wa_leeds

Wakuu mrejesho, tupo mwezi wa kwanza. Nilinunua taa ya wati 45, nimeitundika kwenye fimbo ya pazia la stoo, mche umehamia humo stoo hauoni dirisha tena. Maua yote yaliyokuwepo niliyakata kama fundi alivyosema, roho iliniuma. Wiki ya nne yakaja mapya. Nikapitisha brashi saa nne asubuhi ikatoka na unga mweupe, nilimwita wife aje aone brashi yake.

Siku ya tano kikonyo hakikugeuka njano. Petali zikakauka zikabaki zimening'inia kwenye kitu cha kijani kidogo kama punje ya mtama, kikonyo kikaanza kunenepa na kuinama. Sasaivi ziko nne, kubwa kama golori. Zinachukua muda gani mpaka ziive maana nazitolea macho kila saa?

Swali jingine, majani ya juu yamekuwa yananata kama yamemwagiwa soda na kwa chini kuna vidude vya kijani.

fundi_udongo

Hongera sana mgosi. Kutoka ua mpaka kuiva hesabu miezi miwili, mbuzi hana haraka, itakaa kijani muda mrefu ukate tamaa halafu ndani ya siku chache inageuka. Ila kumbuka mbegu ulitoa kwenye pilipili ya dukani, kama ile mama yake ilikuwa chotara usishangae umbo likitoka tofauti kidogo.

Hivyo vidude ni vidukari, wananyonya ncha changa na huo utando unaonata ni kinyesi chao. Huko ndani hakuna wa kuwala kwa hiyo wiki moja wanakuwa ukoo. Peleka mche bafuni, geuza majani, wapige na maji ya bomba ukishika shina, halafu maji na sabuni ya maji kidogo sana, kijiko kimoja cha chai kwa lita, paka chini ya majani usiku taa ikiwa imezima. Rudia baada ya siku nne. Usipulizie maua.

mgosi_wa_leeds

Nimeshawaogesha, bafu zima kijani. Wife kauliza ya kwanza ikiiva ni ya nani.

bibi_wa_vyungu

Ya mwenye brashi.