Nimeambiwa nimwachishe mwanangu mwenye usonji mayai na maziwa. Kuna aliyejaribu?

Mama Iddi, Tanga
Habari za humu jamani. Mwanangu ana miaka sita, ana usonji, maneno yake hayafiki ishirini. Vyakula vyake ni vitano, nimevihesabu: wali mweupe, chipsi, yai la kukaanga, chai ya maziwa, na biskuti za aina moja tu. Pakiti ikibadilishwa rangi, hagusi. Choo anapata kila baada ya siku nne au tano, na ikifika siku ya nne ndo anajigonga kichwa ukutani.

Kwenye grupu letu la wazazi kuna mama katuma sauti ya dakika kumi na moja. Eti usonji unaletwa na bakteria wabaya wa tumboni, nimwachishe nyama, maziwa na mayai, ale mimea tu, ubongo utafunguka ndani ya miezi mitatu. Na unga wa mbegu anauza, kopo 45,000. Unga sikununua, ila mayai na maziwa niliondoa. Siku mbili mtoto akala wali mkavu, basi. Usiku wa pili, saa tano, nikamkaangia yai huku nalia. Kuna ambaye hili lilimsaidia?

Baba Pacha
Pole sana Mama Iddi. Sisi tuliacha maziwa na ngano miezi minne. Hela iliteketea, binti akapungua kilo mbili, usonji uko palepale. Kilichotusaidia ni kutibu choo. Daktari alimwandikia dawa ya maji ya kulainisha, na alipoanza kwenda kila siku, usingizi ukarudi. Kumbe alikuwa anaumwa tumbo, maneno ya kusema hana.

Mtu wa Lishe
Dada, habari ya bakteria si uongo, ila huyo mwenye kopo kaishika kinyume. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walipima vinyesi vya watoto 247, wenye usonji na wasio nao. Walichokiona ni kwamba mtoto anayechagua sana chakula ndiye mwenye bakteria wa aina chache. Yaani usonji unamfanya achague, na kuchagua ndiko kunapunguza bakteria. Arizona nako, 2017, watoto 18 walipandikizwa bakteria wa watu wenye afya. Matumbo yalitulia na hata tabia zikabadilika. Lakini hakukuwa na wenzao waliopewa dawa isiyo na kitu ndani ili kulinganisha, na wazazi wote walijua mtoto kapewa nini.

Mimea ina kazi yake. Nyuzinyuzi zinachachuliwa na bakteria kwenye utumbo mpana, na asidi zinazotoka humo ndizo zinazolisha ukuta wa utumbo. Choo pia kinalainika. Ila mwanao ana vyakula vitano, usimpunguzie hata kimoja! Vitamini B12 haimo kwenye mimea, na ikikosekana neva zinaumia. Kwake yeye inatoka kwenye yai na hayo maziwa ya chai, hakuna pengine. Wewe ongeza, tena kwa hila: viazi vitamu ukate kwa umbo lilelile la chipsi, viwili tu pembeni ya sahani, usimwambie kitu. Maji ya kutosha. Chai mpe mbali na mlo, inazuia madini ya chuma. Na hizo siku nne bila choo zipeleke kliniki kabla ya yote.

Mama Iddi, Tanga
Ahsanteni. Yai limerudi mezani. Kliniki tumekwenda jana, kapewa dawa kama ile ya binti wa Baba Pacha. Viazi nilikata kama ulivyosema. Vya rangi ya chungwa kavitupa chini palepale. Vyeupe kavinusa, kavipanga mstari dirishani, kimoja kakilamba ncha. Vilivyobaki kala mdogo wake.

Mtu wa Lishe
Kalamba? Kesho weka vyeupe tena, viwili vilevile.