Tupeane uzoefu: umewahi kwenda kutazama ngoma ya watu wasio kabila lako?

Ngosha wa Igoma
Wakuu, heshima kwenu. Sikukuu ya Ekaristi inakaribia, na kwetu maana yake ni Bulabo, mashindano ya ngoma za Wasukuma kule Bujora, Kisesa. Wageni wameshaanza kuulizia njia ya Kisesa. Naomba tuongee sisi tuliowahi kwenda kwenye ngoma za watu, iwe Bujora, Tarime, visiwani, au huko milimani ambako hata salamu huijui. Picha tumeziona za kutosha. Hapa tuambiane ulipokewaje, ulisimama wapi, nini kilikukwaza.

Naanza na mke wangu. Mimi ni mwenyeji, lakini yeye ni mtu wa Usangi, Upareni, na siku namleta Bujora mara ya kwanza alikuwa mgeni kama mgeni mwingine. Kwa wasiopajua: ni kilimani, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, Mkanada. Huyo padri ndiye aliyeiunganisha ngoma na sikukuu ya kanisa, mpaka leo inaanza misa, vumbi linafuata.

Sasa, wengi wanakuja wakidhani ni burudani ya jukwaani. Ni mashindano. Kuna Bagika na kuna Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa tangu enzi za mababu. Wanacheza wakati mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, na kwa desturi aliyevuta watu wengi ndiye ameshinda. Ndiyo maana mafundi wao wanasifika kwa dawa za mvuto. Mtazamaji unapiga kura kwa miguu yako, hata kama hujui unapiga.

Mke wangu hakujua. Tulikuwa upande wa bugobogobo, ngoma ya majembe, vijana wanarusha majembe juu na kuyadaka kwa mpini bila kukosa mdundo, jasho limechora mistari kwenye vumbi la mgongoni. Ghafla upande wa pili akatolewa chatu. Bayeye hao, wacheza na nyoka. Mchezaji kamzungusha shingoni mwake, kichwa cha nyoka kakishika karibu kabisa na mdomo wake mwenyewe, anamwimbia kama anamsemesha mkwe. Mama watoto akachomoka na kamera yake. Watoto waliokuwa wanamshangaa na ile kamera, wote nyuma yake! Na wakubwa wakiona kundi linakimbia, nao wakafuata. Mzee mmoja wa upande wetu akamwita, hana hata utani: "Mayu (yaani mama), rudi hapa, unatuharibia ngoma."

Alirudi. Ningi, yule mwimbaji kiongozi, akamtungia ubeti palepale, umati ukacheka, mimi nikagoma kumtafsiria.

Dada Kirumba
Hahaaa! Ubeti tuutafsirie basi.
Langu dogo: kutunza. Watu wa mjini tumezoea kumbandika mtu noti kwenye paji la uso kama kwenye harusi. Niliona mgeni anamfanyia hivyo mpiga ngoma ambaye mikono yote ina kazi, noti ikamfunika jicho. Muulize mtu wa kikundi hela inawekwa wapi, atakuonyesha.

Kijana wa Guiyang
Mimi nina ya mbali. Nilisoma Guiyang, jimbo la Guizhou huko China, milima juu ya milima, na huko ndiko kwenye Wamiao wengi. Wachina wanatambua makabila madogo 55, Wamiao wakiwemo. Usije ukadhani ni kijiji kimoja, ni zaidi ya watu milioni 10.

Kuna sikukuu yao inafanyika wilaya ya Taijiang, tarehe 15 ya mwezi wa tatu kwa kalenda yao ya mwezi, kwa hiyo huangukia Aprili hivi. Wasichana wanapika wali wa kunata wenye rangi, mwekundu, wa njano, wa buluu, rangi zinatoka kwenye majani na maua ya porini. Kijana akiimba vizuri anapewa wali umefungwa, na ndani yake mna jibu. Ukikuta vijiti viwili vya kulia, umekubaliwa. Ukikuta pilipili au kitunguu saumu, kijana, rudi kwenu kalale.

Wanawake wanavaa fedha, madini yenyewe. Kofia ina pembe mbili kubwa kama za ng'ombe, mikufu kifuani mpaka kiuno hakionekani. Wakizunguka ngoma taratibu, unasikia ile fedha inagongana kabla hujasikia wimbo. Mama mmoja alikuwa anamvalisha binti yake kando ya barabara, anakaza kamba za kofia huku pini ziko mdomoni, binti kakunja uso kwa uzito. Nilisimama pale kuliko nilivyosimama uwanjani.

Lakini pia nilikwenda Xijiang, kijiji chao kikubwa, huko unalipa kiingilio getini na maonyesho yapo kila siku. Getini wanakupokea na pombe ya mchele kwenye pembe ya nyati. Mwenyeji wangu alinitonya: mikono nyuma, unywe kidogo. Ukiishika ile pembe, imekuwa yako, maliza yote. Jamaa tuliyekuwa naye aliipokea kwa mikono miwili, heshima ya kwetu. Tulimbeba.

Kingine: nilikwenda kutazama, nikatazamwa mimi. Bibi wakija kugusa nywele, watu wanapanga foleni ya kupiga picha na mimi, wengine wageni kama mimi kutoka miji mingine. Kwa hiyo Ngosha, mkeo namwelewa kabisa.

Dada Kirumba
Milioni 10 ndio kabila DOGO? Wakerewe tujiite nini?

Mura wa Sirari
Naomba nitie maji kidogo kwenye pombe yenu. Mimi ni Mkurya. Ukipanda Tarime Desemba utakuta shamrashamra: vijana waliotahiriwa wanasindikizwa barabarani, filimbi, mapanga, shuka, akina mama wanapiga vigelegele, litungu linalia nyuzi nane. Wageni wanapenda. Gari linasimama, simu zinatoka madirishani.

Ila hasa miaka inayogawanyika kwa mbili, kwenye baadhi ya misafara hiyo kuna mabinti. Kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu sheria ya 1998, na msimu huo mabinti wanakimbilia nyumba salama. Nimeona mtalii anamrushia hela binti aliyefunikwa khanga, anatabasamu, anadhani ni harusi. Sikumlaumu sana, hakuna aliyemwambia. Mwenyeji aliyemleta ndiye nilimlaumu, maana alijua na akanyamaza asije akaharibu safari.

Ngoma ya litungu karibuni wakati wowote. Hiyo nyingine, ukiona binti, ondoa gari, na ukiweza toa taarifa.

Ngosha wa Igoma
Mura, umesema kweli. Natamani wenyeji wote wanaopeleka wageni wausome ujumbe wako.

Sangara Mkavu
Mimi niko Dar, nakuja na watoto. Nipande nini, na nisimame upande gani? Sitaki kuitwa na wazee.

Ngosha wa Igoma
Daladala za Kisesa, ukishuka kuna bodaboda, au panda kwa miguu kama watoto wanaweza. Beba maji na kofia, kivuli ni cha kugombania. Ukikutana na mzee, "mwangaluka" asubuhi, "mwadila" mchana, utapewa kigoda. Upande usiniulize mimi, nyumbani kwetu ni Bagalu tupu.

Dada Kirumba
Sangara usimsikilize, njoo Bagika, kwetu ndiko kwenye nyoka mwaka huu.