Msaada: kilo 1000 za korosho zinatoka 000 kwenye stakabadhi (Python, math.log)

Kijana wa Newala
Wakuu, habari za jioni. Mjomba wangu ni mpimaji kwenye ghala la chama cha msingi, nikamtengenezea programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Stakabadhi ina visanduku, kila tarakimu na kisanduku chake. Kujua namba ina tarakimu ngapi nimetumia logi ya kumi (ya 1000 ni 3, maana 10 x 10 x 10 = 1000), nikaandika:

int(math.log(kilo, 10)) + 1

Kisha nachomoa tarakimu moja moja kuanzia mwisho mpaka idadi itimie. Wiki nzima imekwenda vizuri: 87, 640, 1253, zote sawa. Leo mzee mmoja kaleta kilo 1000 kamili, karatasi ikatoka 000. Hakugomba. Aliikunja, akaniangalia. Nimeumia sana, maana mtu kapalilia, kapuliza salfa, kaokota, halafu karatasi yangu inasema hajaleta kitu. 999 iko sawa, 1001 iko sawa. Tatizo nini?

Fundi wa Mikindani
Pole mkuu. Andika print(math.log(1000, 10)) uone: 2.9999999999999996. Sasa int haikadirii, inakata desimali zote. Inabaki 2, unajumlisha 1, unapata 3.

Ukiipa kizio (ile namba ya pili, hapa 10), math.log inachukua logi asilia (yenye kizio e, kama 2.718) ya namba na kuigawa kwa logi asilia ya kizio. Hapo ni 6.907755278982137 kugawa kwa 2.302585092994046. Zote mbili zina mkia usioisha, kompyuta imeukata, ndiyo maana jibu limepungua kidogo. Tumia math.log10(kilo), inatoa 3.0.

Mama Korosho, Lindi
Mwanangu, na kilo zikiwa sifuri? math.log10(0) inatoa ValueError, yaani kosa la thamani isiyokubalika, na programu inasimama, foleni imejaa nje. Halafu usije ukaandika math.log(kilo) peke yake ukadhani ni logi ya kumi kama ya jedwali la shuleni. Bila kizio ni logi asilia.

Dogo wa Nachingwea
Kaka, logi ya nini hapo? len(str(kilo)) inatosha: inageuza namba kuwa maandishi na kuhesabu herufi zake, na sifuri inakupa 1. Logi mimi naitumia pale inapohitajika kweli, mfano kujua pesa inayokua kwa asilimia 10 kila mwaka itafika maradufu lini: math.log(2) / math.log(1.1), kama miaka 7.27.

Fundi wa Mikindani
Dogo kasema kweli, fuata yake. Hata log10 ina ukomo: ipe 999999999999999, yaani tisa 15, inakujibu 15.0, utahesabu tarakimu 16.

Kijana wa Newala
Nimeweka len(str(kilo)). Nimejaribu 0, 1, 10, 1000 na 1000000, zote zimekaa kwenye visanduku vyake. Ile ya zamani kumbe ilikuwa inakosea na 1000000. Asanteni sana. Kesho alfajiri naongozana na mjomba kumpelekea mzee karatasi yake kabla hajatoka kwenda shambani.