Turnitin inanilinganisha na pendekezo langu mwenyewe, naombeni ushauri

Heshima kwenu wakuu. Naandika tasnifu ya umahiri katika Kiswahili, na chuo chetu hakipokei kazi yenye ufanano na maandishi mengine unaozidi asilimia 20. Ripoti ya Turnitin, programu inayopima ufanano huo, imetoka na 34. Nimeipitia ukurasa kwa ukurasa: sehemu kubwa iliyopakwa rangi ni sura ya kwanza na ya tatu (ya mbinu), na chanzo kinachotajwa ni pendekezo langu la utafiti, ambalo idara ililipakia Turnitin mwaka jana likabaki kwenye hifadhi yake. Mengine ni marejeleo, na maneno kama "sampuli iliteuliwa kwa njia nasibu", ambayo kila mtafiti huyaandika hivyohivyo.

Marejeleo na nukuu zimeondolewa kwenye hesabu, ikashuka hadi 27. Mwenzangu anasema nipitishe sura hizo kwenye programu ya kubadilisha maneno. Sitaki kabisa; inavuruga istilahi, na kuficha si kuandika.

Je, msimamizi anaweza kuomba chanzo hicho kimoja kiondolewe kwenye ripoti, na barua iende idarani au kurugenzi ya uzamili? Wakikataa, sura ya mbinu niiandike upya vipi bila kupotosha nilichokifanya uwandani? Mwisho wa kukabidhi ni mwezi huu.