Picha za mwanzo za watu waliojipiga wakiwa wamevaa mavazi ya kuigiza: je, ni udanganyifu?

Mwalimu wa Sanaa, Dodoma
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Wanafunzi wangu hapa Dodoma wanaandaa onyesho dogo kuhusu wapiga picha wa karne ya 19 waliojipiga wenyewe wakijifanya watu wengine. Baadhi yao wanashikilia kwamba huo ni uongo, kwa kuwa kazi ya kamera ni kutunza kilichokuwepo. Niwajibu nini?

Mdau wa Kizota
Mwalimu, anza na Hippolyte Bayard wa Ufaransa. Mwaka 1839 alikuwa tayari amebuni njia yake ya kupata picha moja kwa moja kwenye karatasi, lakini serikali ikamtunukia Daguerre, mbunifu mwenzake wa upigaji picha, pensheni ya faranga 6,000 kwa mwaka, naye Bayard akaambulia faranga 600 za vifaa. Oktoba 1840 akajipiga akiwa maiti: kifua wazi, shuka kiunoni, kichwa kimelala upande, kofia pana ya majani makavu kando yake. Nyuma ya picha akaandika kwamba huyo ni Bayard, aliyejitosa majini baada ya kupuuzwa, na kwamba uso na mikono vimeanza kuoza. (Weusi wa uso na mikono unaoonekana pichani kwa kawaida huelezwa kuwa wa ngozi iliyoungua jua.) Mimi naliita lalamiko, tena lenye kejeli kali, kwa sababu hakuna aliyetarajiwa kuamini kwamba maiti amejipiga picha.

Binti wa Kondoa
Shikamoo, mwalimu. Naungana na kaka hapo juu, ila tusisahau ufundi. Karatasi ya Bayard ilihitaji mwanga kwa dakika kadhaa, na mtu hawezi kukaa muda huo bila kupepesa macho. Maiti, kwa bahati nzuri, hufumba. Sina hakika kama tumhesabu pia Countess wa Castiglione, mwanamke wa tabaka la juu kutoka Italia, ambaye kuanzia mwaka 1856 alijichagulia magauni, mapozi na wahusika wa kuigiza jijini Paris, huku kamera ikiendeshwa na Pierre-Louis Pierson.

Mwalimu wa Sanaa, Dodoma
Marahaba, binti. Mimi ningemhesabu, maana aliyeamua picha iweje ni yeye. Na F. Holland Day, Mmarekani aliyejinyima chakula na kufuga ndevu ili mwaka 1898 ajipige akiwa Yesu msalabani? Nahofia wazazi.

Mdau wa Kizota
Hata wakati ule wapo waliomshutumu kwa kukosa heshima. Mweke, lakini waeleze wazazi mapema. Picha ya Bayard ibandikwe pamoja na tafsiri ya maandishi ya nyuma, kwani bila hayo mtazamaji ataona mtu aliyesinzia tu.