Saa ya kompyuta haieleweki tangu nisimike Ubuntu mpya, msaada wakuu

Mleta uzi: Heshima kwenu wakuu. Juzi nimeondoa Ubuntu ya zamani nikasimika mpya. Tangu hapo saa imechachamaa, mara iko mbele, mara iko nyuma. Nikiirekebisha, kesho yake yaleyale. Kurasa za intaneti nazo ziligoma, kivinjari kinalalamikia vyeti vya usalama. Nina kazi za watu humu. Nimeshaagiza betri ya bodi mama inayotunza saa, CR2032. Kuna aliyewahi kuibadilisha bila kuharibu kitu?

Kobe_Mwendo: Rahisi, chomoa umeme kwanza. Yangu ilipokufa nilituma barua ya kuomba kazi yenye tarehe ya miaka kumi nyuma. Mpaka leo sijaitwa.

Dada_Biti: Betri iache kwanza. Saa inapotea kwa kiasi gani?

Mleta uzi: Masaa matatu kamili. Jana ilirudi nyuma sita.

Jino_la_Pembe: Sita? Hongera, mashine imejifunza kusoma saa kwa Kiswahili.

Dada_Biti: Betri ikifa, saa husimama au hurudi tarehe ya kiwandani. Haihesabu tatu kamili. Hiyo tatu ni tofauti ya hapo ulipo na UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Una Windows humo?

Mleta uzi: Ipo, ila siiwashi sana. Sikuona kama inahusika.

Mzee_wa_Terminali: Wake wawili, jiko moja, halafu unauliza moshi unatoka wapi. NTP, ile ya kurekebisha saa kwa mtandao, ipo tangu 1985, vijana bado mnapanga saa kwa mkono! Enzi zetu tulisoma maelekezo kabla ya kubonyeza.

Dada_Biti: Saa ya kwenye bodi ni moja tu. Windows huandika humo saa ya hapo ulipo, Linux, ndiyo hiyo Ubuntu yako, huisoma kama UTC na kuongeza tatu zake. Bila shaka Ubuntu ya zamani uliiambia ifuate Windows. Mpangilio huo hukaa kwenye /etc/adjtime, na ulipofuta mfumo umekwenda nao. Hapo nimeelewa ya mbele. Ya nyuma hainiingii, maana ikipata mtandao ingejirekebisha yenyewe. Andika `timedatectl` utuwekee majibu.

Mleta uzi: Inasema "NTP service: inactive".

Dada_Biti: Nani kaizima?

Mleta uzi: Mimi. Niliandika skripti inayopunguza masaa matatu kila mashine ikiwaka, NTP ikawa inaivurugia kazi. Na siku ya kwanza ilifanya kazi vizuri kabisa.

Dada_Biti: Inapunguza kwa `timedatectl set-time`?

Mleta uzi: Ndiyo.

Dada_Biti: Basi inaandika mpaka kwenye saa ya bodi. Siku ya kwanza ilipatia. Ukiwasha tena bila kupitia Windows, inapunguza tatu juu ya saa iliyokwisha kuwa sahihi. Ukiwasha mara ya tatu, hiyo sita yako.

Sauti_Kavu: Wakuu, hii ni chai. Masaa matatu hayawezi kufanya vyeti vya kila ukurasa vikataliwe, vyeti vinaishi wiki na miezi. Na kama kurasa ziligoma, hapa umeingiaje?

Jino_la_Pembe: Nilikuwa nimeshavuta kiti. Leteni vikombe.

Mleta uzi: Nimeingia kwa simu! Ya vyeti… siku ile nilipanga kwa mkono nikakosea mwaka, nikaweka 2015. Sikutaka mnicheke.

Sauti_Kavu: Hapo sawa. Mwaka 2015 vyeti vya leo havijazaliwa.

Jino_la_Pembe: Tunacheka.

Dada_Biti: Futa skripti. Halafu `timedatectl set-local-rtc 0`, kisha `timedatectl set-ntp true`. Ukiingia Windows, ongeza RealTimeIsUniversal yenye thamani 1 kwenye rejesta (hifadhi ya mipangilio ya Windows), nayo isome UTC.

Mleta uzi: Skripti imenikeshesha usiku mzima, dada. Siwezi kuipumzisha tu?

Dada_Biti: Futa.

Mleta uzi: Mrejesho: nimefuta. Ubuntu nimeiwasha mara nne, imetulia. Windows sijaigusa, rejesta naiogopa. Iko nyuma masaa matatu, najumlisha kichwani. Betri nayo imefika.

Dada_Biti: Ya nini sasa?

Mleta uzi: Nishalipa.

Kobe_Mwendo: Alama ya kujumlisha ikae juu.