Cheni ya pikipiki imeshika kutu na inagonga: ni ya kusafisha au imekwisha?

Mvuka Sabaki:
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nina pikipiki ya abiria yenye injini ya cc 150, na cheni yake ni namba 428 ya kawaida, isiyo na mipira ndani ya viungo. Kila siku navuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui na Gongoni, na mara mbili tatu kwa wiki nawapeleka wafanyakazi hadi kwenye mashamba ya chumvi. Usiku pikipiki hulala uani, hatua chache kutoka ufukweni. Cheni hii ina miezi saba tu, lakini tangu upepo wa kusi ulipoanza imegeuka rangi ya kahawia, na ninapoondoka na abiria huikwaruza na kuigonga kava. Fundi wa kwanza aliikaza, na baada ya siku nne ikalegea tena. Wa pili aliondoa vipande viwili ili apate nafasi ya kuikaza zaidi, na tangu hapo nikilizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono huwa jepesi mahali fulani na zito mahali pengine. Kila Ijumaa naipaka oili chafu ya injini. Je, hii ni kutu ya kusafisha tu, au cheni imekwisha? Na ikiwa imekwisha, inatosha kununua cheni peke yake?

Fundi wa Spana:
Waalaikum salaam, kaka. Kutu ya cheni ni ya aina mbili, nawe usiichukulie yote kuwa moja. Ile inayopaka ubavu wa vipande kwa nje huletwa na umande wa bahari, na ukiisugua kwa brashi ya nailoni na mafuta ya taa, kisha ukaifuta na kuitia mafuta, huondoka bila madhara makubwa. Ya kuogopwa ni ile inayotoka kama unga mwekundu kwenye maungio, pale pini inapoingia, kwa sababu unga huo ni chuma cha ndani kinacholiwa pakiwa pakavu. Cheni yenyewe haivutiki kama mpira, ingawa sote husema kwamba imevutika. Pini na bushi, yaani kibomba kidogo ambamo pini huingia, ndizo zinazolika kidogo kidogo, na kwa kuwa maungio yamezidi mia moja, upungufu wa kila moja ukijumlishwa ndio urefu unaouona.

Chukua futi ya kupimia, uivute cheni ikaze, kisha upime vipande 20, yaani kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya ya 428 hutoa milimita 254. Yangu ikifika 257 naanza kutafuta pesa, na ikifika 259 siipakii mtu. Pima sehemu tatu au nne, maana huo wepesi na uzito unaousikia unaonyesha kwamba haikulika sawasawa, au kwamba kuna viungo vilivyoganda. Kiungo kilichoganda utakitambua kwa macho: kikitoka kwenye sproketi ya nyuma, yaani lile gurudumu la meno linaloshika cheni, hubaki kimejikunja badala ya kunyooka. Kazi yote hii ifanyike injini ikiwa imezimwa na ufunguo umo mfukoni, kwa kuwa nimewaona wenzetu waliopoteza ncha za vidole kwa kufuta cheni huku gurudumu likizungushwa na injini.

Kuhusu huyo aliyeondoa vipande viwili, niseme bila kumvunjia heshima kwamba alikununulia wiki chache tu. Cheni iliyolika hata ukiifupisha, nafasi kati ya pini na pini hubaki ile ile iliyopanuka, nayo huendelea kuyachonga meno ya sproketi.

Mchuuzi wa Samaki:
Naomba niongeze jambo moja. Mimi hubeba samaki kwa pikipiki kutoka ufukweni, na cheni yangu ya kwanza iliharibika upande mmoja tu, nikashindwa kuelewa. Kumbe maji ya barafu yenye chumvi yalikuwa yakidondoka kutoka pembe ya kreti moja kwa moja juu yake. Ndugu yetu anayekwenda kwenye chumvi aangalie anachobeba nyuma, na akirudi jioni aioshe kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, aikaushe, ndipo aitie mafuta.

Dereva Mkongwe:
Oili chafu nimeitumia miaka mingi na pikipiki inatembea. Msimtie kijana gharama.

Fundi wa Spana:
Shikamoo, mzee wangu. Inatembea, sikatai, na ni afadhali kuliko kuiacha kavu. Lakini oili hiyo imebeba uchafu wa injini, na juu ya njia ya mchanga hugeuka kuwa tope la kusagia. Oili ya gia namba 90, ikitiwa kidogo upande wa ndani wa cheni mara baada ya safari ingali na joto, huingia kwenye maungio, na ukiiacha ilale usiku kucha hairuki ovyo asubuhi.

Mvuka Sabaki:
Nawashukuru nyote. Leo nimepima: sehemu moja imetoa 256, nyingine 260. Nimefungua pia kifuniko cha sproketi ya mbele, nikakuta mchanga na oili vimegandamana kama udongo wa kufinyangia, na meno yamelala upande mmoja mithili ya ndoana.

Fundi wa Spana:
Basi nunua seti nzima, cheni na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya juu ya meno hayo haitamaliza hata nusu ya umri wake. Ukifunga, upande wa klipu (kile kibanio cha kiungo kinachounganisha ncha mbili za cheni) uliozibika utangulie kule cheni inakoelekea, na ule ulio wazi ufuate nyuma. Tafuta mahali inapokaza zaidi, uache mchezo, yaani nafasi ya kupanda na kushuka, wa sentimita 2 hadi 3 katikati ya upande wa chini, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema. Usiikaze kama uzi wa gambusi, maana abiria wawili wakipanda itaivuta beringi ya giaboksi. Kisha uirudie baada ya siku chache, kwani cheni mpya hulegea kidogo mwanzoni.

Mvuka Sabaki:
Nimekuelewa, fundi. Kesho naanza na kukwangua ule mchanga wa mbele.